Siku taka za korona ya mkonge zilipoanza kuwa na bei

Nikimwambia mtu nafanya kazi ya mabaki ya mkonge, swali la kwanza hua ni mtambo wa biogesi. Tanki la ukubwa gani, gesi inatoka kiasi gani, injini mmetoa wapi. Najibu, sina shida, ila kiukweli mtambo ndo kitu kilichonisumbua kidogo kuliko vyote. Mtambo ukiharibika unamwita fundi, anafungua, anaangalia, anakwambia leta spea. Sasa mwite huyo fundi aje afungue mgogoro wa nani mwenye taka, au aje arekebishe kichwa cha meneja anayepimwa kwa kitu kingine kabisa. Hapo ndo kazi ilipo na hayo ndo ntayaandika hapa, wapenzi wa mitambo mtanisamehe.

Kwa wasioijua Tanga vizuri: mkonge ukikatwa majani yanafungwa matita, trekta linabeba mpaka korona, yaani kile kiwanda cha kukamua, jani linapondwa huku linamwagiwa maji, zinabaki singa, yaani zile nyuzi ndefu, zinaanikwa kwenye waya, baadae zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, safari. Wageni wakija wanapiga picha singa nyeupe zikiwa kwenye waya, na kweli zinapendeza. Upande wa nyuma wa korona hapigi mtu picha. Kwenye jani bichi singa ni kama asilimia 4 hivi, kilichobaki chote ni nyama ya jani na maji, kinatoka na mfereji kikiwa kijani, kina asidi, kikikugusa kinawasha, kikilala siku mbili harufu inafika mpaka kambini. Kwaiyo kila tani 1 ya singa imeacha nyuma tani zaidi ya 20 za kitu ambacho hakuna aliyekua anakitaka. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani kama 230,000 za singa, sasa piga hesabu mwenyewe ujue mito ya Tanga imepitisha nini.

Na mmea wenyewe ulivyofika ni maajabu, yule Mjerumani Hindorf mwaka 1893 aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika vizima 62 tu, vikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutoka 62 mpaka mashamba yote haya, na muda wote huo tunavuna zile zile asilimia 4.

Sio kwamba hakuna aliyeliona. Hale, wilaya ya Korogwe, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kufua umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge, kilowati 150, UNIDO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, wakiwemo, na ulikua wa kwanza wa aina hiyo duniani. Wenzetu wa miwa, kama TPC pale Moshi, wao bagasi, yaani makapi ya miwa, wanaitupa kwenye boila inawaka wanapata mvuke na umeme. Sisi ya kwetu ni majimaji, huwezi kuyachoma, lazima uyavundike kwenye tanki lisiloingiza hewa, vijidudu vifanye kazi, upate gesi.

Mimi niliwekwa kusimamia mabaki kwenye shamba moja, jina tuache. Mpango ulioletwa ulikua mzuri sana kwenye projekta. Nyuzi fupi zinazopotea na maji zinakamatwa zinauzwa, sehemu ngumu inaotesha uyoga, majimaji yanaingia kwenye biogesi, gesi inapika na kuendesha pampu, tope linalotoka linarudi shambani kama mbolea. Duara limekamilika, mishale imezunguka, watu wakapiga makofi. Ile slaidi nimeiangalia mara nyingi na kila mara naona kitu kimoja hakipo, kwenye mishale yote hakuna jina la mtu. Mshale unatoka korona unaenda kwenye tanki, sawa, lakini nani anausukuma huo mshale saa kumi na moja alfajiri, na akiacha kuusukuma nani anamkata mshahara?

Jibu kwa wakati ule lilikua hakuna. Msimamizi wa korona, jamaa mmoja mchapakazi kweli, alikua anapimwa kwa tani za singa kwa siku, basi. Mkanda wetu wa kubeba mabaki ukigoma yeye hakusimamisha korona, angesimamisha vipi? Alikua anafungulia mfereji wa zamani, mzigo unakwenda zake mtoni, mimi nakuja asubuhi tanki halijala. Nikimuuliza ananiambia "Kaka, mimi kwenye ripoti yangu hamna mstari wa hayo maji yako." Na alikua sahihi asilimia mia. Watu wa miradi hapa hua wanaitisha semina ya kujenga uelewa, sasa uelewa gani tena, jamaa anaelewa vizuri kuliko wewe. Tulichofanya ni kwenda kwa bosi mkubwa, tukaomba kwenye ile ripoti ya siku uongezwe mstari mmoja tu, mabaki yaliyoingia kwenye tanki, na bonasi ya zamu iangalie mistari yote miwili. Haikuchukua muda ule mfereji wa zamani ukawekewa geti na funguo akakaa nayo yeye mwenyewe. Hakuna semina iliyofanyika. Mpaka leo nikiingia sehemu mpya wananiambia kuna ubunifu, kitu cha kwanza naomba kuona ni fomu ya ripoti ya siku, kama ubunifu haumo kwenye fomu basi upo kwenye slaidi tu.

Ishu ya pili ni saa. Vile vijidudu vya kwenye tanki havijui Iddi, havijui Pasaka, havijui kwamba trekta limezama kwenye tope mwezi wa nne. Ni kama ng'ombe wa maziwa, anataka kula kila siku kiasi kile kile, ukimnyima anakauka, na akikaa njaa alafu ukamjazia ghafla anavimbiwa. Tanki likivimbiwa asidi inapanda, gesi inatoka ndio lakini haishiki moto, unawasha kiberiti kinazima. Sasa korona yenyewe inaendaje? Masika barabara za shambani hazipitiki, matita hayafiki. Kiangazi kikikaza maji ya kukamulia yanapungua. Katikati ya hapo kuna beringi iliyokufa na spea inasubiriwa. Yaani una mtambo unaotaka chakula kila siku umeufunga kwenye kiwanda kinachosimama kinapojisikia, na kwenye ule mpango walipiga hesabu ya wastani kwa mwaka, ambapo kwa wastani kila kitu kilikua kinatosha!

Dawa haikutoka kwa mtaalamu yeyote. Kuna mama mmoja anafuga ng'ombe wa maziwa upande wa Muheza, alikua anakuja kuulizia tope kwa ajili ya majani yake ya malisho, siku hiyo akatukuta tunalalamika akasema kwani si mvundike, mbona sie tunavundika majani ya kiangazi. Sileji. Unachimba shimo, unatandika nailoni, unashindilia hewa itoke, unafunika, unaweka uzito juu. Tukajaribu na mabaki ya mkonge yaliyochujwa maji, yakakaa vizuri, siku korona imesimama tunafukua tunalisha tanki kidogo kidogo. Baadae nikaja kuona kumbe watafiti nao walishalijaribu suala hilo la kuvundika mabaki ya mkonge kabla ya kuyatoa gesi, ila sisi tulilipata kwa mama mfugaji, bure, kwa sababu alikua na ruhusa ya kuingia getini. Hilo la geti msilidharau. Mashamba mengi getini pana askari anauliza una shida na nani, una barua? Watu wenye mawazo hawana barua.

Nikiwa kwenye watafiti hapo hapo, niseme la samaki. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 2004 kwamba nyama ya mkonge ukiichanganya na mabaki ya samaki gesi inaongezeka sana kuliko ukitumia kila kimoja peke yake. Ni kweli kabisa, mkonge una naitrojeni kidogo, samaki anayo nyingi, wanasaidiana. Basi mgeni mmoja akaisoma akashupaa, tulete utumbo wa samaki kutoka Tanga mjini, pale Deep Sea. Nikamwambia sawa, tukae tuhesabu. Kutoka mjini mpaka kwetu ni mwendo, gari litakalobeba utumbo wa samaki halitabeba kitu kingine siku hiyo maana hakuna atakayekubali mzigo wake unuke, dizeli ipo juu, na ukifika kwenye joto la huku mchana ule utumbo umeshaanza biogesi yake mwenyewe njiani. Alafu utumbo wenyewe nao una wateja wake. Kilichohitajika ni naitrojeni, sio samaki. Tukachukua mbolea ya kuku na samadi kutoka kwa wafugaji wa hapo hapo jirani, hatukufikia matokeo ya maabara, lakini gesi ilipanda na gari halikutoka nje ya kata. Utafiti nausoma na nauheshimu, ila nikishausoma natafuta ndani yake ile sababu, sio ile resipe.

Mafundi sasa. Tatizo kubwa la mkonge kwenye tanki ni zile nyuzi fupi, zinapita kwenye mfereji, zinaingia kwenye pampu, zinajisokota kwenye panga la pampu mpaka mota inanuka kuungua. Aliyelitatua ni kijana wa kambini, hana cheti, alichukua nondo chakavu akazichomelea kama chanuo akaliweka kwenye mfereji kwa mlalo, nyuzi zinanasa maji yanapita, anazikwangua kwa reki. Alafu zile nyuzi zikianikwa zinauzika, bei ya chini ndio lakini zinauzika. Alivyoona zinauzika akaja kuniuliza, taratibu tu na adabu zote, "Bosi, na mimi je?" Hapa niseme bila kuzunguka, sehemu nyingi kijana kama huyu anapewa cheti cha mfanyakazi bora na fulana. Sisi tulimpa sehemu ya mauzo ya zile nyuzi kwa kipindi kilichoandikwa, na yule mhasibu alinuna kweli kweli, anasema sasa kila mtu ataanza kubuni. Nikamwambia ndio maana yake.

Na walianza. Mengine yalikua vituko, kuna mzee alitaka tukaushe mabaki tutengeneze matofali, lakini katika hayo hayo ndo ilitoka namna ya kupitisha gesi kwenye vumbi la chuma lenye kutu ili ile harufu ya mayai viza ipungue isije ikaila injini. Hiyo inajulikana duniani, sisi hatukuigundua, ila aliyeileta aliileta mwenyewe kwa sababu alishaona kwamba ukileta kitu unalipwa.

Sasa nije kwenye lile lenyewe.

Shamba letu halikamui mkonge wake tu. Wakulima wadogo wa kuzunguka wapo kwenye AMCOS, yaani chama chao cha ushirika wa mazao, wanaleta matita yao kwenye korona yetu, wanalipia ukamuaji, singa zinabaki zao. Miaka yote mabaki yalikua ya mto. Wanakijiji wa bondeni ndo walikua wanalalamika, maji yananuka, yanawasha, na walikua na haki. Tulivyoanza kuyachukua kila mtu alifurahi, mwenyekiti wa AMCOS mwenyewe alituambia tuchukueni tu mnatusaidia. Hiyo "chukueni tu" ikaandikwa kwenye mpango wa biashara kama malighafi, gharama sifuri. Msitari wa kwanza kabisa. Sifuri.

Baadae jiko la wafanyakazi likaanza kupika kwa gesi. Uyoga ukaanza kutoka. Watu wakaona pikipiki inabeba ndoo za uyoga asubuhi kwenda kwenye hoteli mjini. Mkutano wa AMCOS uliofuata nikaalikwa, nikaenda na tabasamu langu na takwimu zangu, akasimama mzee mmoja, mkulima wa miaka mingi, hakupandisha hata sauti, akasema: "Mwanangu, mkonge wangu, singa zangu. Haya nielimishe, maji yake ya nani?" Ukumbi ukalipuka, na mie pale mbele sina jibu, kwa sababu swali lilikua sahihi. Yeye analipia huduma ya kukamuliwa. Ukipeleka mahindi yako mashineni pumba si zako? Wengine upande wa shamba wakasema hapana, korona ni yetu, mfereji ni wetu, tanki letu, bila sisi hayo maji ni balaa la kijiji. Nao walikua na hoja.

Hilo swali lingekuja tu, iwe mwaka huo au miaka mitatu mbele. Taka ikishapata kazi inapata mwenyewe, na mara nyingi inapata wenyewe zaidi ya mmoja, kwaiyo ukiona mpango wowote wa hii wanayoita uchumi wa mzunguko umeweka malighafi sifuri ujue wameandika bei ya mwaka wa kwanza. Kuna jamaa nafahamiana nae Dar alikua anazoa mabaki ya ndizi sokoni kulishia funza wa chakula cha kuku, mwanzo alikua analipwa yeye kuyaondoa, baadae bure, alafu vijana wa soko wakaanza kumuuzia. Mkonge, ndizi, pumba za mpunga, yote ni njia moja.

Mazungumzo yalichukua muda, na mengi yalifanyika nje ya vikao, kwenye misiba, kwenye kahawa. Kilichokubalika mwisho ni kwamba hakuna kulipana hela taslimu kwa tani ya mabaki, kwa sababu nani angeipima ile supu kwa kila mkulima. Badala yake mkulima anapunguziwa gharama ya kukamua kwa kila tani ya singa yake, na tope la biogesi linarudi kwake kwa foleni ya matita aliyoleta. Hilo la pili ndo lililowavuta zaidi kuliko nilivyotegemea. Mkonge unakatwa miaka mingi pale pale, kila jani linaondoka na kalsiamu na potasi ya ardhi, wazee wanajua kabisa ardhi yao imechoka, wanaona majani yanavyofupika. Mbolea ya dukani kwa mkonge wengi hawanunui. Sasa tope linarudi na trekta lile lile lililoleta matita, ambalo zamani lilikua linarudi tupu.

Tope hilo hilo kuna watu walitaka tulikaushe tufungashe kwenye mifuko yenye jina tuuze mjini. Ukitaka kuuza mbolea kama bidhaa kuna usajili wa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, kuna vipimo, na haina ubaya, mkulima lazima alindwe. Lakini tope ni maji kwa sehemu kubwa, kulikausha kunataka eneo na jua na watu, na tayari tulishawaahidi wakulima. Nikakataa. Kwenye hizi kazi kila wiki anakuja mtu na bidhaa mpya, leo mkaa wa mabaki, kesho chakula cha ng'ombe, keshokutwa pombe ya vigogo vya mkonge kama wanavyofanya Meksiko na jamaa yake mkonge kule, na zote zinawezekana, hakuna hata moja ya uongo, ila zinagombania mabaki yale yale na mafundi wale wale wawili. Kigezo changu kimekua ni mteja aliyepo ndani ya geti. Gesi ina mteja ndani, jiko na pampu, hata soko la nje life kesho inatumika. Tope lina mteja ndani. Uyoga hauna, ndo maana uyoga tuliwaachia akina mama wa kambini kama kikundi, wanachukua sehemu ngumu, wanachemsha kwenye pipa, wanapanda mbegu, mifuko ikishachoka inarudi kwetu. Wanapata faida wiki nyingine wanamwaga, maana uyoga mbichi bila friji haulali, na wiki mbegu ikichelewa kufika kutoka maabara banda linakaa tupu. Wao wanaliendesha vizuri kuliko sisi tungeliendesha kwa memo.

Shule ya jirani nayo imekuja kubisha hodi, maana serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na ule mkakati wa nishati safi wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Bomba mpaka pale sio mbali. Mkuu wa shule anataka jibu kabla ya muhula. Mimi swali langu kwake lilikua moja, siku tanki likivimbiwa watoto watakula nini, akacheka, nikamwambia sicheki. Tukakubaliana wanabaki na majiko yao ya mtungi kama akiba, sisi tunawapa gesi tukiwa nayo, kwa bei inayojua kwamba haipo kila siku.

Kinachonikalia mezani sasa hivi ni AMCOS tena. Makubaliano yetu yanaisha msimu huu na safari hii wamekuja na kijana wao msomi, hawataki tena punguzo la kiasi kilichokaa pale pale, wanataka asilimia ya thamani ya gesi, na kama shule itaunganishwa wanataka na yenyewe iingie kwenye hesabu. Upande wa shamba wamekunja sura. Mimi naona wakulima wana hoja, ila asilimia ya gesi maana yake tuweke mita ambayo pande zote mbili zinaiamini, na kama wanakula faida ya mwezi mzuri basi wakubali na mwezi wa nne matrekta yakizama. Nimewapelekea hesabu za masika mawili yaliyopita wazione kama zilivyo. Kikao kinakaa baada ya mavuno ya mahindi.